Safari ya Dodoma, na Neno Alilotaka Dada Yangu Niseme



Mwezi wa Juni mwaka 2025 dada yangu mkubwa alinipigia simu saa tano za usiku. Katika ukoo wetu simu ya saa hiyo huwa ni ya msiba, nami niliipokea mkono ukitetemeka. Haukuwa msiba. Alikuwa amepata habari kwa mtu wa kanisani kwamba binti yake, aliye mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Dodoma mjini, anacheza mpira wa kikapu, anavaa bukta mbele za watu, na kwamba wiki mbili zilizopita alianguka uwanjani akaumia goti.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe ni nesi. Jumamosi twende wote. Umwambie kwamba kurukaruka kule kunaharibu kizazi. Mimi hanisikii tena, lakini wewe atakusikia."

Nilimwambia kwamba tutakwenda. Lile la kizazi sikulijibu. Nilijua si kweli, lakini huyu ndiye dada aliyeuza mbuzi wake watatu nikaenda kusomea uuguzi. Ni vigumu kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anachokutuma ni uongo.

Njiani

Tulitoka Mpwapwa saa kumi na mbili asubuhi kwa basi dogo. Wanaoufahamu mji ule wanajua jinsi milima inavyouzunguka, na jinsi baridi ya mwezi wa sita inavyoshuka kutoka huko juu. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, wakifuata njia ya misafara ya kutoka pwani, na mpaka leo ukisema Mpwapwa wengi hukumbuka mambo mawili, kanisa na chuo cha ualimu.

Ukipita Kongwa unaona nchi tambarare, kavu, yenye majani ya rangi ya simba. Hapo ndipo Waingereza walipoleta matrekta mwaka 1947 ili walime karanga kwa ajili ya mafuta ya kupikia ya kwao. Ardhi ikawa ngumu, mvua ikawa haba, na kufikia mwaka 1951 mpango ule ukavunjwa. Nilimwonyesha dada akina mama waliokaa kando ya barabara na ndoo za karanga mpya. Serikali kubwa ilishindwa na karanga, lakini mama wa Kigogo na jembe lake anazivuna kila mwaka. Dada alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tupande gari.

Baada ya kuingia barabara kuu tulielekea magharibi, mibuyu ikiwa imekwisha kupukutisha majani. Tulipita Buigiri, penye shule ya watoto wasioona, kisha Chamwino penye Ikulu, kisha Mtumba, ambako majengo ya wizara yamesimama mahali ambapo si zamani mifugo ilikuwa ikichungwa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini watu wazima wa huku walizeeka wakingoja. Ni baada ya tangazo la mwaka 2016 ndipo wizara zilipohama kweli, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam inafika.

Wazee husimulia kwamba jina la mji limetokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama, kwa sababu tembo alikuja kunywa maji akazama kwenye tope. Siku hizi kinachozama Dodoma ni watu, kwa wingi wao. Na sehemu kubwa ya watu hao ni vijana. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, na mwaka huohuo Kanisa Anglikana likafungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mahali ilipokuwa shule ya Mazengo. Ongeza Chuo cha Mipango, chuo cha biashara, chuo cha madini na vyuo vya afya. Maelfu ya mabinti zetu wako pale, mbali na macho yetu.

Tulipitia Kanisa Kuu tukaomba. Dada aliomba kwa muda mrefu. Mimi niliomba kwa kifupi, kwamba Mungu anipe ujasiri, au angalau aniondolee lile swali.

Binti mwenyewe

Alitupokea kituoni. "Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo." Alikuwa amejifunga kitenge vizuri, na alitembea akijitahidi kabisa asichechemee. Macho ya nesi hayadanganywi kirahisi, lakini nilinyamaza.

Wakati wa chakula cha mchana alitueleza mambo ya mashindano yao. Vyuo vinne vya mjini vilikubaliana kucheza ligi ndogo ya wasichana, kila timu ikutane na kila timu mara mbili. Mechi sita kwa kila timu, jioni za Jumamosi. Walikuwa wamebakiza mbili. Timu yao na timu nyingine moja zilikuwa juu, kila moja na pointi saba, na leo zinakutana. Timu mbili za kwanza zimeahidiwa safari ya Morogoro kucheza na vyuo vya huko.

"Pointi saba kwa mechi nne?" dada akauliza. Yeye ni mfanyabiashara wa nafaka na hesabu haimpiti. Binti akamweleza kwamba katika kikapu anayeshinda hupata pointi mbili, na anayeshindwa hupata moja. Asiyefika uwanjani ndiye hupata sifuri.

"Aliyeshindwa anapewa pointi ya nini?"

"Ya kuja, mama."

Dada hakusema kitu, ila niliona analiweka neno lile moyoni.

Jambo lililonigusa ni hesabu nyingine. Timu ilianza msimu na wasichana tisa. Wawili wamekwenda mafunzo ya vitendo mikoani, na mmoja mchumba wake amemkataza. Wamebaki sita. Timu haiwezi kuanza mchezo ikiwa na wachezaji pungufu ya watano. Kwa hiyo tulichokuja kufanya mimi na dada kingeigusa timu nzima.

Asili ya mchezo huu

Nilipokuwa msichana nilicheza netiboli, kama wengi wetu, na nilidhani kikapu ni mchezo wa wanaume. Kumbe historia yake ni ya namna nyingine. Ulibuniwa mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, na James Naismith, mwalimu katika chuo cha YMCA, yaani Chama cha Vijana Wanaume wa Kikristo. Alikuwa amesomea theolojia, naye alitafuta mchezo wa ndani wa kuwashughulisha vijana wakati wa baridi bila kuumizana. Alitundika vikapu vya matunda ukutani, akaandika sheria 13. Mwaka uliofuata, 1892, mwalimu wa kike aitwaye Senda Berenson aliwafundisha wasichana wa Chuo cha Smith. Wakati ule wengi waliamini kwamba mwanamke akichoka sana mwili wake utaharibika, hivyo aliugawa uwanja sehemu tatu ili kila msichana abaki katika sehemu yake, na katika pambano lao la kwanza wanaume hawakuruhusiwa kutazama. Mchezo huo ulipofika Uingereza, ukabadilishwa, ndiko ilikotoka netiboli tunayoijua.

Mnaona basi, kina mama, kwamba hofu ya dada yangu ina umri wa zaidi ya miaka 130, na haikuanzia Mpwapwa.

Na wenzetu wa jirani wamekwenda mbele. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kule Mukono, ambacho ni cha Anglikana kama Mtakatifu Yohana, kina timu ya wasichana iitwayo Lady Canons, na imekuwa bingwa wa Uganda zaidi ya mara moja. Kenya kuna Madina Okot, aliyeichezea timu ya Chuo Kikuu cha Zetech, akachukuliwa na chuo cha Mississippi State huko Marekani kwa msimu wa 2024–25, kisha mwaka 2025 akahamia South Carolina.

Rafiki mmoja wa binti yetu, anayecheza akiwa amevaa hijabu, jambo ambalo shirikisho la dunia liliruhusu mwaka 2017, alitusimulia habari za ligi hiyo aliyocheza Madina. Mwezi wa Machi 2025 South Carolina na Texas walimaliza wakiwa sawa kabisa, kila mmoja ameshinda mechi 15 na kufungwa 1. Mkuu wa ligi ikabidi arushe sarafu juu ili ajulikane nani atangulie katika mashindano ya kumalizia. Sarafu ikawaangukia South Carolina, na fainali ikazikutanisha timu hizohizo mbili, South Carolina wakashinda 64 kwa 45.

"Na sisi tukilingana mtarusha sarafu?" dada akauliza.

"Hapana mama. Sisi tunaangalia nani alimfunga nani, na kwa pointi ngapi."

Uwanjani

Mchezo ulianza saa kumi jioni kwenye uwanja wa saruji usio na paa. Mwezi wa sita Dodoma ina upepo mkavu unaotoka mashariki na kubeba vumbi jekundu, na upepo ule huupeleka mpira pembeni kabla haujafika kwenye pete. Mabinti wa pale wanaujua. Wakishambulia upande mmoja hurusha kwa mbali, wakigeuka upande wa pili huingia mpaka chini ya goli. Pete iko juu mita 3.05, urefu uleule kwa wanaume na wanawake, ila mpira wa wanawake ni mdogo kidogo.

Watazamaji hawakuzidi sitini. Wengine walikuwa wavulana waliokuwa wakingoja uwanja uwe wazi wacheze wao.

Bukta zilikuwa ndefu, na chini yake wengi walivaa suruali za kubana zilizofika vifundoni. Nilimtazama dada kwa pembeni. Nadhani alikuwa amejiandaa kuona jambo baya zaidi, na sasa alikosa la kusema.

Kisha alianza kutazama. Binti yetu si mrefu kuliko wengine, kazi yake ni kuudaka mpira unaorudi baada ya kugonga ubao. Aliruka katikati ya mabega ya watu akaupata, akampa mwenziwe, akakimbia. Robo ya kwanza aliupata hivyo mara tano. Dada alihesabu kwa vidole. Katika robo ya pili aliruka, akatua kwa mguu mmoja, goti likayumba kuelekea ndani. Hakuanguka. Alisimama akajishika kiuno kama mtu anayevuta pumzi, na mwamuzi hakuona kitu. Mimi niliona.

Wakati wa mapumziko nilimwita pembeni. Chini ya suruali alikuwa amejifunga bandeji tatu, na goti lilikuwa limevimba. Alikuwa akicheza hivyo kwa wiki mbili, kwa sababu wako sita tu.

Nilimwambia kocha wake asimrudishe. Timu ilimaliza na wachezaji watano, ikafungwa kwa pointi nne. Wale wengine sasa walikuwa na pointi tisa, wetu nane.

Neno lenyewe

Tulikaa kwenye benchi la saruji, jua likizama nyuma ya mji. Dada alinigeukia. "Haya, mwambie."

Mpendwa msomaji, katika kazi yangu nimewahi kuwaambia watu habari ngumu sana, lakini sikumbuki kama nimewahi kuogopa kama siku ile. Nilisema hivi: "Dada, kuruka hakuharibu kizazi. Sikufundishwa hivyo chuoni na sijaona hivyo wodini. Wasichana wanaocheza huolewa na kuzaa kama wengine. Siwezi kumwambia mtoto jambo ambalo si kweli, kwa sababu akishagundua kwamba nilimdanganya kwa hili, hataniamini siku nitakapomwambia lenye kweli."

Dada alikasirika. Alisema nimemwaibisha mbele ya mtoto. Nilimwacha aseme. Kisha nikamgeukia binti: "Sasa nawe sikiliza la kweli. Goti hili linaweza kukunyima kuruka maisha yako yote. Jumamosi ijayo huchezi. Jumatatu unakwenda kwa daktari."

Yeye naye akaanza kulia. Kwa hiyo nikawa nimewaudhi wote wawili jioni moja. Akasema bila yeye watabaki watano, mmoja akiugua watashindwa kufika, watapata sifuri.

Dada aliyekuwa amenuna ndiye aliyejibu. "Wao watano waende. Na wewe utakwenda ukakae nao. Si umesema kuna pointi ya kuja?"

Yale niliyowaeleza usiku ule

Tulilala kwa ndugu yetu mmoja mtaa wa Kikuyu, na usiku ule mazungumzo yalikuwa marefu. Nayaandika hapa kwa faida ya mama yeyote mwenye binti mchezaji.

Wasichana huumia ukano wa ndani ya goti zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo uleule, zaidi ya mara mbili. Kinga yake haina gharama. Ni kupasha mwili moto kabla ya mchezo, kuimarisha mapaja, na kujifunza kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na kuelekea mbele. Goti likiumia, mchezaji apumzike, abarike kwa barafu iliyofungwa katika kitambaa, afunge bandeji isiyobana mno, na aweke mguu juu. Msichue kwa mafuta ya moto siku za kwanza, uvimbe huongezeka.

Hedhi si kizuizi cha kucheza. Lakini msichana anayefanya mazoezi sana na kula kidogo hedhi yake inaweza kukatika, na hiyo ni dalili ya kwenda hospitali. Wanafunzi wetu wengi hula chipsi mchana na chai usiku ili fedha ya mkopo ifike mwisho wa mwezi. Binti anayepoteza damu kila mwezi na kula hivyo hupungukiwa damu, akachoka, na mama akadhani ni uvivu. Mkoa huu una dawa zake sokoni: kunde, choroko, mboga za majani, dagaa, karanga. Unga wa ubuyu una vitamini C, na ukinywewa pamoja na maharage husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai, kwa upande wake, huyazuia, hivyo isinywewe mara baada ya chakula.

Dada alisikiliza yote. Mwishoni akasema tu, "Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe." Sikujua anamsema binti yake, au ananisema mimi, au anajisema mwenyewe.

Mechi ya mwisho

Jumamosi iliyofuata nilikuwa zamu, sikuweza kwenda. Daktari alikuwa amesema ukano umevutika lakini haujakatika, apumzike wiki sita. Dada alikwenda peke yake kwa basi lilelile, na debe la karanga za kuchemsha kwa ajili ya timu.

Alinipigia saa mbili usiku. Nilikuwa nimezoea sauti yake ya soko, lakini ile ilikuwa nyingine. Alisema watano walifika wote. Katika robo ya mwisho mmoja alitimiza faulo tano akatolewa, wakabaki wanne dhidi ya watano. Timu ile waliyocheza nayo ilikuwa na pointi saba na iliitaka safari ya Morogoro. "Wametufunga," akasema, "wametufunga kwa pointi sita. Na hawa watoto wakaanza kucheza ngoma! Nikasema wamechanganyikiwa."

Ndipo binti akamfanyia hesabu. Aliyeshinda alipata mbili, akawa na tisa. Wao walipata moja ya kuja, wakawa na tisa. Wamelingana. Lakini mzunguko wa kwanza wao walikuwa wameifunga timu ile kwa pointi kumi na moja. Kufungwa kwa sita kuliwaacha mbele kwa tano. Wale wanne walijua hesabu ile, na dakika zote za mwisho hawakuhangaika kushinda, walihangaika kutoachwa mbali. Wamekuwa wa pili. Morogoro wanakwenda.

"Na mwanao?" nikauliza.

"Alikaa benchi muda wote anapiga kelele. Sauti imemkauka." Akanyamaza kidogo. "Mdogo wangu, lile la siku ile. Ulifanya vizuri."

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa wanaoshindana michezoni, na nilizoea kuhubiri mfano ule nikiwaza mshindi peke yake. Siku hizi, nikisimama mbele ya kina mama wa kikundi chetu, nawawaza pia wale wanne kwenye saruji ya Dodoma, vumbi machoni, wakipigania kutoachwa mbali. Kina mama wengi ninaowafahamu wanaishi hivyo, na hufika kila siku.

Kama una binti chuoni, panda basi siku moja ukamwone anapocheza, au anapoimba kwaya, au anaposoma. Nenda kabla hujapeleka neno, na neno utakalopeleka liwe la kweli.